Ulinzi wa Duka Dogo Kisiwani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, kisiwani Remba)



Kamati ilinitaka niseme juu ya wezi. Barua ya Bwana Katibu ilieleza kwamba wanachama wenye maduka wamechoka kuibiwa, na kwamba mimi, kwa kuwa nimekuwa na duka kisiwani hapa kwa miaka mingi, niwape shauri. Naishukuru Kamati kwa heshima hiyo. Lakini nilipoketi na kalamu niliona ya kuwa nikisema juu ya wezi peke yao nitakuwa nimewapoteza njia. Kwa maana katika miaka hiyo yote mwizi wa usiku ameniingilia mara mbili tu, na hasara nyingine nilizozipata zimezidi hizo mbili mara nyingi sana. Kwa hiyo mniwie radhi nikianza mbali na mlango uliovunjwa.

Ninyi mlioketi hapa hamna haja ya kuelezwa Remba ilivyo. Hata hivyo kijitabu cha taarifa yetu husomwa na wenzetu wa Mbita, Mfangano na Kisumu, nao yawapasa kujua tunafanya biashara mahali gani. Kisiwa chetu ni mwamba mdogo katikati ya ziwa. Nyumba ni za mabati, zimebanana hata jirani akikohoa wewe huamka. Watu wake ni Wakenya, Waganda na Watanzania, na shilingi za nchi zote tatu hupita mikononi mwetu. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Basi si ajabu mvuvi anayenunua sabuni kwako Jumatatu akalala Uganda Jumatano. Fedha huingia kisiwani kwa usiku mmoja wa samaki wengi, ikatoka kwa usiku mmoja wa ulevi. Duka lililo katikati ya mambo hayo mawili linahitaji ulinzi wa namna yake.

Nianze na hesabu, ingawa najua wengine hawaipendi. Chukua pakiti moja ya unga. Tuseme umeinunua kwa shilingi 140 na kuiuza kwa 150. Faida yako ni shilingi 10. Pakiti ile ikiraruliwa na panya, au ikilowa mashuani, au ikichukuliwa na mtu asilipe, umepoteza shilingi 140, na ili uzirudishe itakubidi uuze pakiti 14 nyingine bila kupata hata senti moja ya kula. Mwenye duka asemaye, “Ah, ni pakiti moja tu,” hajui ya kuwa ametoa kazi ya siku nzima. Nimewaona wenzetu wakiweka makufuli matatu mlangoni, na nyuma ya makufuli hayo panya wamefanya arusi ndani ya gunia la mchele.

Sasa nitasimulia jambo ambalo sikupenda kulisimulia, lakini bila hilo maneno yangu hayatakuwa na uzito. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mpwa wangu dukani, mtoto wa dada yangu wa Rusinga, kijana mpole aliyejua kusoma na kuandika vizuri. Nilianza kuona ya kuwa gunia la sukari la kilo 50, tulilokuwa tukilipima katika vifuko vya robo kilo, halitoi fedha ya kilo 50. Lilitoa fedha ya kilo 47. Nikahesabu gunia la pili, likawa vile vile. Na la tatu. Kilo 3 katika kila gunia! Nani alikuwa na ufunguo? Mimi na yeye. Sikumuuliza kwa upole wala faraghani. Nilimwambia mbele ya washitiri kwamba amenila, nikampandisha mashua asubuhi ile ile, watu wakimtazama akibeba begi lake ufukoni.

Gunia lililofuata nililiuza mwenyewe kwa mkono wangu, bila msaidizi. Likatoa fedha ya kilo 47.

Ndipo nilipopata akili ya kupima gunia kabla ya kulifungua, jambo ambalo ningalilifanya tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na kilo 48 na nusu. Mfanyabiashara wa jumla aliyeniuzia ng’ambo alikuwa akinipunja kilo moja na nusu kila gunia, nami nilikuwa nikimshukuru na kumletea samaki. Je, kilo moja na nusu iliyobaki ilikwenda wapi? Nilichukua vifuko 20 nilivyovipima mimi mwenyewe, nikavirudisha kwenye mizani kwa makini. Kila kifuko kilizidi robo kilo kwa gramu 7 au 8. Ni sukari ya kijiko kimoja na kidogo. Mkono wa ukarimu huiongeza bila kujua. Lakini gunia lina vifuko 200, na gramu saba na nusu mara 200 ni kilo moja na nusu kamili. Wezi wa sukari yangu walikuwa wawili: mtu niliyemwamini, na mkono wangu wa kuume.

Nilikwenda Rusinga. Dada yangu alinipa kiti, kijana akaniletea maji ya kunywa, nikasema niliyokwenda kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho akajibu kwa adabu, “Nimesikia, mjomba.” Hakurudi dukani, wala simlaumu. Yeyote kati yenu ambaye leo anamshuku msaidizi wake, namsihi apime gunia kwanza.

Basi shauri langu la kwanza ni mizani, tena mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri kama sheria ya vipimo inavyotaka. Wengi hudhani muhuri ule ni wa kumlinda mnunuzi tu. Humlinda mwuzaji vile vile. Pima kila kitu kinachoshuka mashuani kabla mchukuzi hajalipwa, mbele ya nahodha, na yaliyopungua yaandikwe pale pale. Mkishafika dukani na kufunga mlango, nahodha atasema panya wako ndio waliokula, na hutakuwa na la kumjibu.

Shauri la pili ni daftari. Nchini Marekani, katika mji wa Dayton, alikuwako mtu mmoja jina lake James Ritty, mwenye duka la pombe. Watumishi wake walikuwa wakitia fedha za wanywaji mifukoni mwao, naye hakuwa na njia ya kujua. Husimuliwa kwamba alipokuwa safarini baharini aliona chombo kinachohesabu mizunguko ya rafadha ya meli, akawaza: ikiwa mizunguko ya chuma yaweza kuhesabiwa, kwa nini fedha zisihesabike? Mwaka 1879 yeye na ndugu yake walipewa hati ya serikali kwa mashine yao ya kuhesabia mauzo, na kutoka mashine ile zimetokea zote zilizomo madukani duniani leo. Husoma habari hiyo nikacheka, kwa maana mwenye baa mwenye shida na watumishi, na safari ya majini, hayo ni mambo ya Remba kabisa. Sisi si lazima tununue mashine. Daftari la shilingi chache na kalamu iliyofungwa kwa uzi hufanya kazi ile ile, mradi kila kinachouzwa kiandikwe wakati kinapouzwa, wala si jioni kwa kukumbuka.

Na katika daftari hilo mwenye duka ajiandike na yeye. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Mke huchukua sabuni, mtoto huchukua mkate, mwenyewe hutoa shilingi 200 za kumpa mgeni nauli, na hakuna anayeandika kwa sababu “ni duka letu.” Mwezi ukiisha mtaji umepungua, macho yote yanamgeukia kijana wa kaunta. Jilipe mshahara, hata ukiwa mdogo, na ukila zaidi ya hapo andika ya kuwa umekopa.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa uchungu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara ya rejareja katika nchi hii ya ziwa ilishikwa kwa muda mrefu na Wahindi, na walikuwapo waliosema wazi kwamba Mwafrika hawezi kutunza duka. Katika miaka ya 1940 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, wakikusanya hisa za watu wadogo wadogo, nao wakajenga jengo la Ramogi House mjini Kisumu. Fedha ya watu ilihitaji kuandikwa ili watu waiamini. Sisi ni wajukuu wa juhudi ile.

Sasa niseme juu ya mkopo, kwa maana mkopo ni hasara kubwa kuliko wizi wote wa Remba ukijumlishwa. Hatuwezi kuukataa. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza, kwa kuwa omena hufuata taa; mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu juu ya maji, na mashua hupumzika. Siku hizo mvuvi hana fedha, lakini tumbo halijui mwezi. Basi hukopa, na asipokopeshwa kwako atakwenda kwa jirani, na mwezi ukififia fedha zake zitafuata njia ile ile. Mwenye duka wa hapa yampasa aitazame mbingu kama mkulima aitazamavyo. Mimi nina kanuni yangu, nayo sidai kwamba ni bora: deni la mwezi mpevu lilipwe kabla mwezi mpevu mwingine haujafika, na ambaye hajalilipa hapewi jipya, hata akiwa shemeji. Shemeji ndio wagumu.

Zaidi ya hayo, jueni mnamkopesha nani. Mvuvi hufuata samaki. Akisikia sangara wamepatikana kwingine hufunga virago alfajiri, na deni lako linakwenda naye majini. Tangu Kanuni za mwaka 2007 kila ufuko una kamati yake ya usimamizi, hii tunayoiita BMU, na moja ya kazi zake ni kuandikisha wavuvi na vyombo. Kabla ya kumkopesha mtu usiyemjua, uliza ofisini kwao kama ameandikishwa, na ni wa mashua ipi. Mwandikie deni kwa jina lake kamili na jina la mashua, naye atie sahihi au kidole gumba. Nimeona watu wenye daftari lenye maneno kama “yule mrefu, 350” na “Mganda wa kofia, 600.” Hilo si daftari la madeni, ni kitabu cha kumbukumbu za watu waliohama.

Juu ya fedha za simu nitasema machache, kwa sababu vijana wanazijua kuliko mimi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilituondolea hofu kubwa, kwa maana kabla yake mwenye duka alisafiri kwenda kununua bidhaa akiwa amejifunga fedha kiunoni, na kila mtu mashuani alijua. Wezi nao walijifunza. Mshitiri huja na haraka, hukuonyesha ujumbe katika simu yake kwamba amekwisha kulipa, mashua inamngoja, injini inanguruma. Usitazame simu yake. Tazama yako, tena usitazame ujumbe tu, kwa maana ujumbe wa uongo hutumwa kwako pia. Tazama salio. Akikuhimiza, mwache mashua imwache. Na mtu akikupigia kusema amekutumia fedha kwa makosa, umrudishie upesi kwa sababu mtoto wake yu hospitali, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie awasiliane na kampuni, kwa sababu wao wana njia yao ya kuirudisha. Nambari ya siri usimpe hata mke. Najua hapa nitapata maneno nyumbani.

Walakini wapo ambao bado wanafukia fedha. Mnakumbuka tarehe 1 Juni 2019 noti mpya za Kenya zilipotangazwa, na noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikapewa mpaka tarehe 30 Septemba mwaka ule. Jirani yangu mmoja alikuwa ng’ambo kwa ugonjwa. Aliporudi alifukua kopo lake chini ya kitanda, na fedha iliyokuwamo, akiba ya misimu mitatu ya samaki, ilikuwa karatasi. Hakuna mwizi aliyelifungua kopo lile.

Sasa moto. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hata ninyi wa nyuma. Tunauza petroli ya injini za mashua katika madumu, na wengine wetu tunaiuza chini ya paa moja na mahali pa kupikia. Nyumba zetu zimegusana, upepo wa ziwa haupumziki, na hakuna gari la zima moto litakalovuka maji kuja Remba. Moto ukianza duka moja hautauliza la pili ni la nani. Mwivi huchukua kinachobebeka, lakini moto huchukua duka, daftari, na waliolala ndani. Madumu yatolewe katika nyumba, yawekwe mahali pa peke yake upande usio wa upepo, na mchanga uwe karibu nayo katika ndoo. Kwa maana maji yakimwagwa juu ya petroli inayowaka, petroli huelea na kuutembeza moto. Nimekwisha kuyatoa yangu. Nilichelewa kuyatoa, na ninaona haya kulisema.

Na mlango uliovunjwa, ambao ndio mlioniitia? Mwizi wa hapa havunji kufuli. Kufuli ni la kutazamwa. Hung’oa bati la nyuma, kwa sababu limepigiliwa misumari kwa nje. Tazameni maduka yenu leo jioni. Bati likifungwa kwa bolti zenye nati upande wa ndani, na nyuma yake pakapigiliwa mbao za kukingama, mtu atahitaji kelele nyingi ili aingie, na kelele Remba ni ulinzi. Taa ndogo ya jua juu ya mlango wa nyuma ina faida kuliko mbwa, kwa sababu mbwa hula na hununuliwa kwa samaki. Fedha za jioni zisilale dukani, na droo iachwe wazi ili anayechungulia aone haina kitu.

Lipo jambo jingine lililo zito zaidi. Mnajua ya kuwa majini kuna watu wanaowanyang’anya wavuvi injini na nyavu. Injini ile haiwezi kuliwa. Lazima inunuliwe na mtu. Mara nyingine huletwa nyuma ya duka usiku, kwa bei ya theluthi. Sheria ya Kenya, katika Kanuni za Adhabu, humhesabu mwenye kupokea mali ya wizi huku akijua kuwa ni mhalifu, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Lakini niacheni sheria kando. Mvuvi aliyenyang’anywa injini ile ndiye yule aliyekopa unga kwako mwezi mpevu. Ukiinunua, umemnunua mdeni wako mwenyewe na kumzamisha. Tusilalamike juu ya wezi mbele ya Kamati ikiwa baadhi yetu ndio soko lao.

Na mwizi akikamatwa, tufanye nini? Nimeona vijana wakimpiga mtu hapa mpaka hatambulikani, kwa ajili ya redio. Waliompiga walisema wanalinda maduka yetu, na sisi wenye maduka tulisimama milangoni. Mimi nilisimama mlangoni. Sikusema neno, na asubuhi ilijulikana ya kwamba redio ilikuwa yake. Tangu siku ile, nikisikia kelele za “mwizi” nahesabu kilo zangu tatu za sukari kabla sijatoka. Naliomba azimio la mkutano huu liseme wazi kwamba anayekamatwa apelekwe kwa polisi akiwa mzima, na kwamba mwanachama atakayeshiriki kumpiga mtu hatapata msaada wa chama katika kesi yake.

Kuhusu mlinzi wa usiku, Kamati imekwisha kupata wazee wawili wanaokubali kupokezana zamu kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, wakiwa na tochi na filimbi, bila panga. Mchango ni sawa kwa kila duka, liwe kubwa au dogo. Wenye maduka madogo walipinga mwanzoni, na mimi naona walikuwa na haki kupinga, ila hatukupata kipimo kingine ambacho hakingeleta ugomvi. Mweka Hazina atatoa stakabadhi kwa kila shilingi, na hesabu zitabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi. Karatasi ya majina iko mezani kwa Bwana Karani. Wenye maduka ya upande wa mashua watie sahihi kwanza, kwa maana zamu itaanza upande huo, tena wiki hii hakuna mwezi.